Matokeo ya Utafiti Yafike Segese

Madhara ya zebaki katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga yamechunguzwa kwa miaka mingi, lakini matokeo mara nyingi huishia kwenye makongamano ya mijini, kwa Kiingereza, mbele ya watu wasiochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka jamii za wachimbaji wadogo zipewe taarifa. Jukwaa lipo tayari: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mtafiti asimame Segese, kijiji cha wachimbaji katika ukanda huo, aeleze alichopima, na mama anayeosha marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, amuulize maswali.

Wapo watakaosema mwanakijiji hawezi kukagua takwimu. Ni kweli, wala asibebeshwe kazi hiyo. Hesabu zikaguliwe na wataalamu kwa maandishi, andiko likiwa wazi kwa wote, kama hazina ya mtandaoni ya AfricArXiv inavyowezesha tangu 2018. Dakika chache za kongamano ukumbini hazitoshi kwa ukaguzi huo. Lakini sampuli zikichukuliwa mahali ambapo dhahabu haichomwi, atakayegundua ni mchimbaji. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inayotoa vibali vya utafiti, iweke sharti: matokeo yasomwe kijijini kwanza, kongamano lifuate.