Trekta Ndogo za Zamani na Zana Zake za Ajabu



Nataka leo kuwaelezeni habari za trekta ndogo za bustani zilizoundwa zamani katika nchi ya Marekani, na hasa habari za zana zilizofungwa juu yake. Trekta yenyewe mtu huitazama mara mbili akaizoea. Zana zake ndizo zinazomfanya ashike kidevu. Nimetafuta jina moja litakalozifaa zote, nami nimeridhika kuziita zana za kupachika, maana hupachikwa leo na kuondolewa kesho.

Palikuwa na mtu katika jimbo la West Virginia, jina lake Benjamin Franklin Gravely. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, wala hakuwa mkulima mkubwa. Lakini alikuwa na bustani, na kuilima kwa mkono kulimchosha. Basi alichukua jembe la kusukuma, akaliunga na injini na vipande vya pikipiki. Mwaka 1916 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1922 kampuni yake ilianza kazi katika mji wa Dunbar. Mashine zake za kwanza zilikuwa na gurudumu moja tu. Baadaye ikaja ile iitwayo Model L, yenye magurudumu mawili na nguvu ya farasi 5, na mwenye kuiendesha hutembea nyuma yake ameshika mipini miwili.

Siri ya trekta hii ilikuwa mbele yake. Nguvu ya injini ilipitishwa kwa meno ya gia, bila mikanda, mpaka kwenye uso wa chuma ambapo zana hufungwa kwa bolti nne. Mtu akifungua bolti hizo, ataondoa kisu cha kukata majani na kuweka kingine chenye meno marefu, mfano wa mkasi, cha kufyekea nyasi ndefu. Wakati wa baridi ataweka ubao wa chuma wa kusukumia theluji. Iko pampu ya kunyunyizia miti dawa, na kiko kigari cha kufunga nyuma ili mwenye kazi aketi badala ya kutembea.

Lakini iliyonistaajabisha kuliko zote ni plau yake. Haigeuzi tonge la udongo kama plau ya ng'ombe. Ni mhimili uliosimama wima, wenye visu, unaozunguka kwa kasi ndani ya udongo, ukiukatakata na kuutupa kando. Ardhi ngumu hupitiwa mara moja tu, na nyuma yake udongo ni laini, tayari kwa mbegu. Kwa maoni yangu, mtu mwenye shamba dogo angeiacha trekta kubwa kwa ajili ya kifaa hiki.

Zana nyingine iliyopachikwa ilikuwa msumeno wa duara wa kupasulia kuni. Hapa sina budi kusema waziwazi. Katika mashine nyingi za zamani vifuniko vya kumkinga mtu vilikuwa haba, na mara nyingi vilivyokuwapo vimepotea. Mhimili unaozunguka ukikamata upindo wa nguo, utamvuta mtu kabla hajapata kupiga kelele. Asiikaribie mtu aliyevaa kanzu au shuka, na watoto wakae mbali kabisa. Tena usiguse kisu wala msumeno mpaka umezima injini na kuuondoa waya wa plagi. Injini yenye moto huweza kuruka mara moja hata ukizungusha kisu kwa mkono.

Sasa nitawaeleza jambo ambalo wengine watasema ni hadithi. Mwaka 1969 kampuni ya General Electric ilitoa trekta ya bustani isiyotumia petroli hata kidogo, iitwayo Elec-Trak. Zile kubwa zilikuwa na betri 6 zenye volti 6 kila moja, yaani volti 36 kwa jumla. Kwa kuwa umeme ulikuwa pale pale, mtu aliweza kuchomeka msumeno wa mnyororo au mashine ya kupunguzia ua, akafanya kazi mbali na nyumba. Na kubwa zaidi, palikuwa na zana ya kulehemu chuma kwa umeme wa betri hizo hizo. Lango likivunjika mwisho wa shamba, fundi hulifuata huko huko na trekta yake!

Lakini betri zinapotiwa umeme hutoa hewa inayowaka upesi, na cheche moja yatosha kuilipua. Basi asilehemu mtu juu ya betri zilizotoka kujazwa, wala asizijaze ndani ya chumba kilichofungwa. Na pete ya kidoleni ivuliwe kabla ya kushika spana.

Wako watu hata leo wanaozinunua trekta hizi na kuzitengeneza upya. Shida yao kubwa mara nyingi si injini, bali zana, ambazo zilitupwa au ziliuzwa mbalimbali. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza ghalani mna nini kingine, kisha hupima mashimo ya bolti kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kutoa fedha.