Vyombo vya okazioni: tulivyonunua Bukavu, na tulivyoviacha

(Maneno ya wale wanne waliotumwa Bukavu, yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wamemba hapa Itebero. Tunayaweka kwenye gazeti letu kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Sababu ya safari munaijua. Tuliporudi kutoka ukimbizini, wengi wetu tulikuta nyumba ni kuta tu. Vitanda, viti, meza, sufuria, sanduku la nguo, vyote vilikwenda. Wengine hata mlango hatukuukuta. Tangu hapo tunakula tukiwa tumekaa juu ya bidoni na matofali, na mgeni akifika tunamwazima kiti kwa jirani ambaye naye amekiazima. Ndipo mutualite ikakata neno: tutoe kwa sanduku letu, kila jamaa iongeze kidogo, watu wanne waende kutafuta vyombo vya okazioni, maana vipya hatuviwezi. Mukachagua ba mama wawili na ba papa wawili. Mukatupa dola 600 na orodha. Juu ya orodha mliandika: vitanda kumi na viwili.

Tumerudi bila kitanda hata kimoja. Tunajua kuna manung'uniko, na ni haki yenu. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha museme.

Kwanza mambo ya njia. Toka hapa tulipita Musenge, Hombo, Bunyakiri, tukapita ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, tukatokea Miti, ndipo Bukavu. Hatutapoteza muda kwa matope, kila mtu hapa anayajua. Tulilala kwa mzee mmoja wa Kadutu ambaye ni jamaa ya mmoja wetu. Yeye ndiye alitufundisha mengi ya tutakayosema.

Jambo la kwanza alilotuambia: «Musinunue siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya macho.» Basi siku ya kwanza tulitembea tu. Soko la Kadutu ni kubwa, na liko kwenye mteremko. Kule utapata kila kitu: nguo za balo, viatu, sufuria, viti, mashini. Lakini muuzaji wa soko anajua bei ya kila kitu, na akisikia namna unavyosema atajua unatoka mbali. Vitu vizuri zaidi tulivipata nje ya soko, sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwa watu wanaohama. Mwezi wa sita mwaka wa 2024, MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu ya Kusini. Mtu aliyekuwa na kazi mjini, kazi ikiisha, anarudi kwao, na meza hawezi kuipakia kwa ndege. Mtu wa namna hiyo hatafuti faida, anatafuta nafasi. Na karatasi ziko, na jirani wanamjua. Meza zetu mbili kubwa na ile kabati ya kufuli tulizinunua kwa jamaa moja ya Nguba iliyokuwa inahama. Mama wa nyumba alitaka dola arobaini kwa kila meza. Tukamweleza tunatoka wapi na vyombo ni vya nini. Akasema: «Toeni makumi matatu, na hii kabati mutoe makumi ine na tano. Lakini mubebe leo.» Tukabeba leo.

Sehemu ya pili ni kwa ba menuizie. Fundi wa mbao mara nyingi ana kitu ambacho mteja alikileta kitengenezwe na akashindwa kulipa, au kiti kizee alichopewa kama malipo. Tena fundi anasema ukweli juu ya mbao, maana mbao ndiyo heshima yake. Kwa fundi mmoja tuliona kabati ya wakati wa Wabeleji, wakati Bukavu ilikuwa bado inaitwa Costermansville. Milango yake inafunga kama imetengenezwa jana. Hatukudanganyi, tulisimama pale kama watu walio mbele ya picha. Bei: dola mia tatu. Tukaishika kidogo kwa mkono, tukaenda zetu.

Fundi huyo alitusifia mbao za duka lake. Akasema: «Hizi ni mbao za kweli, zinatoka Walikale.» Hakujua anasema na nani. Tukatazamana. Mbao zinatoka kwetu juu ya magari, zinapita mbele ya milango yetu, halafu sisi tunalipa njia kwenda Bukavu kuzinunua zikiwa na miguu mine. Neno hilo lilitukaa kichwani, na tutalirudia.

Sasa, namna ya kuangalia kitu cha okazioni. Hili andikeni.

Kiti au meza, geuza juu chini. Uzuri wote wanauweka juu. Ukweli uko chini. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe kama wa muhogo, ndani kuna dudu, na dudu hao watahamia kwa paa la nyumba yako. Acha. Angalia viungo: kama fundi aliunganisha mbao kwa mbao, kitu kitadumu, kama ni misumari tu na gundi, hakitafika Hombo. Kaa juu yake, tikisika. Muuzaji akikukataza kutikisika, amekwisha kukujibu.

Matela ya sponji iliyotumika, usinunue hata wakikupa kwa bei ya bure. Kunguni hawaonekani mchana. Kitanda cha mbao unaweza kukimwagia maji ya moto na kukianika, lakini sponji hapana.

Frigo na televizyo viko vingi, na vijana wetu walituagiza. Wanangu, Itebero hatuna umeme wa kuvitosha. Frigo bila umeme ni kabati ya bei kali.

Mashini ya kushona: usinunue mpaka uone inashona kitambaa chako mwenyewe, si kile kitambaa cha muuzaji. Hapa tunakiri kosa letu. Mashini ya miguu tuliyoileta tuliijaribu, ikashona vizuri, tukalipa dola makumi saba. Kufika hapa, kile kichuma kidogo kinachobeba uzi wa chini hakikuwamo. Kilibaki kwa meza ya muuzaji, ao kilibakishwa. Tumekwisha kutuma mtu akinunue kingine. Basi mujifunze: hesabu vipande vyote mbele ya kutoa franga, na uvifunge wewe mwenyewe.

Na komisioneri. Atakukuta njiani, atakuita papa, mama, atasema anajua nyumba yenye vitu vya bei ndogo. Hatusemi wote ni wabaya, wanatafuta unga wa watoto kama sisi. Lakini sehemu yake iko ndani ya bei utakayolipa. Ukimtumia, patana naye kwanza, mbele ya kuona kitu.

Tufike sasa kwa vitanda, maana ndiyo kesi yenyewe.

Siku ya tatu komisioneri mmoja alitupeleka kwa uwanja wa nyuma ya nyumba. Vitanda vya chuma, kama ishirini, vimepangwa. Vizuri, vizito. Bei: dola kumi na tano kimoja. Piga hesabu: kumi na viwili ni dola 180. Orodha yenu ingekamilika, na tungerudi hapa tukiimba. Mmoja wetu akawa amekwisha kufungua mfuko.

Mama mmoja wetu akafanya kile mzee alichotufundisha: akakigeuza kimoja juu chini. Chini ya chuma, rangi ilikuwa imekwanguliwa, lakini si yote. Herufi mbili zilibaki na namba. Akageuza cha pili: namba inayofuata. Cha tatu, vilevile. Vitanda vyenye namba ni vya nyumba ya wagonjwa, ao ya wanafunzi.

Tukauliza: «Mukubwa, hivi vitanda vinatoka wapi?»

«Vinatoka ndani ya pori huko. Kwani munataka vitanda ao munataka historia?»

«Karatasi iko?»

«Kwa bei hii munataka karatasi?»

Tulitoka kando kuzungumza, na hatutaficha: hatukuwa na neno moja. Mmoja alisema: sisi hatukuiba, tusiponunua sisi atanunua mwingine, na watoto wetu wanalala chini. Ni neno lenye nguvu. Mtu aliyelala juu ya udongo hawezi kulicheka. Lakini mwingine akajibu: vitanda vyetu sisi viko wapi leo? Vile tulivyoviacha hapa tukikimbia, viko chini ya mtu fulani. Mtu huyo naye alisema hakuiba, alinunua tu. Kama hakungekuwa mnunuzi, nani angejisumbua kubeba kitanda cha mtu usiku akikipitisha kwa matope?

Jioni mzee wetu wa Kadutu alitusimulia ya mwezi wa sita 2004, wakati waasi waliingia Bukavu na mji ukaporwa kwa siku kadhaa. Baadaye, anasema, viti vya watu viliuzwa pembeni ya njia kwa bei ya sukari. Yeye mwenyewe alikwenda kwa matanga kwa jirani, akaketi, akashika mkono wa kiti, akasikia alama ya kisu ambayo mtoto wake aliikata. Hakusema kitu, maana ilikuwa matanga. Lakini alisema: «Toka siku ile sikuingia tena kwa nyumba ile. Na yeye hakujua sababu mpaka akafa.»

Tukalala na neno hilo. Asubuhi hatukurudi kwa ule uwanja.

Kuna na sheria pia. Sheria ya Congo haimwadhibu mwizi peke yake, inamwadhibu na anayepokea kitu akijua ni cha wizi. Fikirieni Fuso imesimama kwa barieri, vitanda kumi na viwili vyenye namba viko juu, na karatasi hakuna. Tungepoteza vitanda, na franga, na labda watu. Lakini hata kama hakungekuwa barieri hata moja njiani, jibu letu lingekuwa lile lile.

Basi zile franga za vitanda tulizifanyia nini? Hapa tunarudi kwa mbao za Walikale. Tulienda kutafuta vyombo vya menuizie vya zamani. Kwa mjane wa fundi mmoja tulipata randa mbili, misumeno miwili, patasi na nyundo, vyote kwa dola 55. Ni chuma cha zamani, kizito. Ukikinoa kinakata kama wembe. Alituandikia karatasi kwa mkono wake, na jirani akatia sahihi. Alilia kidogo, kisha akasema anafurahi vitafanya kazi tena. Katika safari yote, hiyo ndiyo mali. Mbao tunazo. Fundi tunaye, amekaa pale nyuma, hana vyombo tangu vita. Kitanda kinachoweza kutoka kwa mikono yetu, kwa nini tukibebe toka Bukavu?

Hesabu yenyewe ni hii. Mashini ya kushona dola 70. Vyombo vya menuizie 55. Viti vya plastiki ishirini, 80. Sufuria kubwa ine na sahani, 60. Meza mbili, 60. Kabati ya kufuli, 45. Bawaba, vis na kufuli, 30. Nafasi kwa Fuso 90, njia yetu watu wanne 80, wabeba mizigo na madogo ya njiani 20. Jumla 590. Dola kumi ziko mkononi mwa mtunza sanduku, na karatasi zote za mauzo ziko ndani ya ile kabati. Atakayetaka kuziona, aje.

Tunaomba mkutano ukubali mambo matatu. Moja: viti, meza na sufuria vibaki vya mutualite, viazimwe kwa matanga, ndoa na mikutano, na anayevunja atengeneze. Mbili: vyombo vya menuizie apewe fundi wetu, naye atengeneze vitanda kumi na viwili, akianza kwa wajane na wazee, sisi tulete mbao na chakula chake. Tatu: tangu leo, kitu kisicho na karatasi wala mtu wa kukishuhudia kisinunuliwe kwa franga za mutualite hii, hata kiwe cha bure.

Tunajua kuna watoto watakaolala chini majuma machache zaidi kwa sababu ya uamuzi wetu, na wa kwetu ni kati yao. Lakini siku watakapopanda kitandani, hakuna mtu atakayeingia kwa nyumba, akapitisha mkono chini ya ubao, akanyamaza.

Sasa mutuulize.