Nyeupe Mbili kwa Mshazari



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kueleza taa ndogo tu. Katika yadi za reli za Uingereza, chini karibu na ardhi, huwekwa ishara ya kuongoza treni zinazopanga mabehewa. Ishara hiyo husema kwa mkao wa taa zake pamoja na rangi. Taa mbili zikiwaka sambamba na ardhi, dereva asimame: katika ishara za zamani moja ni nyekundu na nyingine nyeupe, katika zile mpya zote mbili ni nyekundu. Zikiwaka mbili nyeupe kwa mshazari wa nyuzi 45, apite.

Lakini angalieni, vijana. Nyeupe hizo hazimwahidi dereva kwamba njia ni tupu. Pengine mbele yapo mabehewa yamesimama, na kati yake yumo mtu anayeyaunganisha. Kwa hiyo dereva hwenda polepole, macho mbele, tayari kusimama kabla ya kizuizi. Amepewa ruhusa ya kuondoka. Kutazama ni juu yake mwenyewe.

Nanyi mtakapopewa vyeti vyenu, vipokeeni hivyo hivyo.