Mizani na Daftari: Mifumo ya Uchumi Ilivyopita Tabora

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ng'ambo, Tabora)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya mifumo mbalimbali ya uchumi, katika nadharia na katika vitendo. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu mtumishi wa serikali hudhaniwa kuwa ameziona sera zote zikija na zikiondoka. Lakini alasiri hii tutapiga kura juu ya fedha zetu wenyewe: je, mashine ya kusaga na duka tunavyotaka kuijengea shule viendeshwe na kamati, au vikodishwe kwa mfanyabiashara? Tangu jana nawasikia wenzangu. Wengine wanasema kamati ni ujamaa, na ujamaa ulikwisha shindwa. Wengine wanasema kumkodishia mfanyabiashara ni kuiuza shule. Nitaeleza kwanza habari za hapa hapa kwetu, kisha nitatoa hoja.

Vijana wa Kidato cha Tano mmefundishwa kwamba katika ubepari bei hupangwa na soko, na katika ujamaa njia kuu za uchumi humilikiwa na umma na kuendeshwa kwa mpango. Ndivyo vitabu vinavyosema. Basi tulitazame soko huria la kwanza tulilolijua Unyanyembe.

Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha weka makao. Hapakuwa na leseni wala bei ya Serikali. Mwenye mali wa Kihindi kule Unguja alimkopesha Mwarabu merikani, shanga na waya wa shaba. Mwarabu akapanda bara, naye akalipa kwa pembe za ndovu, pengine baada ya miaka. Mizigo ilibebwa na Wanyamwezi, na wengi wao walikuwa watu huru waliopatana ujira wao kwa nguo, wakadai posho, na wakikosa haki waliutua mzigo na kuondoka. Msimu wa kulima walirudi makwao. Mwandishi yeyote wa vitabu vya ubepari angefurahi kuwaona.

Lakini katika njia ile ile walipita watumwa, na bei yao pia ilipangwa na soko. Watemi nao walidai hongo ili msafara upite. Mwaka 1871 Mirambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ikafungwa kwa bunduki, na hakuna mahitaji wala ugavi uliyoweza kuifungua. Soko lilihitaji mtu wa kuilinda njia, na vita vyenyewe vilikuwa juu ya nani awe mtu huyo. Na tusisahau kwamba reli ilipofika hapa Tabora mwaka 1912, ile kazi ya upagazi iliyolisha watu wengi ilikwisha kwa muda mfupi, wala hapakuwa na kitabu cha hesabu kilichoiandika hasara hiyo.

Mfano wa pili uko Urambo, nao huwashangaza wanaodhani kwamba mipango mikubwa ya Serikali ililetwa nchini na Azimio la Arusha. Mwaka 1947 Serikali ya Chama cha Leba cha Uingereza ilianzisha mpango wa karanga hapa Tanganyika, maana baada ya vita Waingereza walikosa mafuta ya kula. Ilikusudiwa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalinunuliwa, hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kufyekea. Kongwa mvua ikawa haba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, majembe yakavunjika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Waliopanga hawakuwa wajinga. Walikuwa mbali, walikuwa na haraka, na hapakuwa na mkulima mwenye uwezo wa kuwaambia simameni. Ardhi ya Urambo iliyofyekwa ikaja kulimwa tumbaku, ambayo hadi leo ndiyo fedha ya mkoa huu.

Sasa nafika kwenye ujamaa wetu, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa najua ukumbini mna wazee walioishi yale ambayo mimi niliyasoma Chuo Kikuu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema juu ya usawa na kujitegemea, na kuna jambo moja lililotendeka ambalo watu wa leo hawalitaji: bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Rukwa alilipwa bei ile ile ya aliye karibu na Dar es Salaam. Kwa haki ya binadamu, sijui sera iliyo nzuri kuliko hiyo, na watu wa Rukwa na Ruvuma walilima kweli kweli. Lakini lori halikujua usawa. Dizeli ya kutoka Sumbawanga ililipwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, hasara ya Shirika ikalipwa kwa mikopo ya benki, na mkopo ukalipwa na kila mtu kwa kupanda kwa bei. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya mikoa vikavunjwa, mazao yakanunuliwa na mamlaka na mashirika. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, palipoharibika zaidi, kuliko hata uhaba wa sukari na sabuni uliofuata. Mkulima alikuwa na malalamiko mengi juu ya viongozi wa ushirika, lakini aliweza kuwapigia kura. Meneja wa mamlaka hakumpigia kura. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, nao ulirudi umedhoofu.

Baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na hasa katika miaka ya 1990, biashara ya mazao ikafunguliwa. Bidhaa zilijaa madukani. Anayelikana hilo hakupanga foleni. Ila ruzuku ya mbolea ikaondolewa, na mkulima wa mbali, yule yule wa Rukwa, akaona gunia lake haliwezi kulipia mbolea yake.

Na tumbaku je? Kampuni inayonunua humkopesha mkulima pembejeo kupitia chama cha msingi. Msimu ukiisha tumbaku hupangwa madaraja, hupimwa, kisha deni hukatwa. Niambieni, ndugu zangu, hii ina tofauti gani na merikani ya mwenye mali wa Unguja? Tofauti ipo, tena ni kubwa: leo kuna sheria, na kuna chama chenye wajumbe. Lakini mkulima asiyeweza kusoma karatasi ya makato hajui kama sheria hiyo inamlinda au haimlindi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, mimi siulizi kama mashine yetu iwe ya kijamaa au ya kibepari. Nauliza nani atapima debe, nani ataandika daftari, nani ana haki ya kulifungua, na nani anaweza kumwondoa huyo mwandishi. Natoa hoja kwamba mashine ikodishwe kwa mfanyabiashara kwa mwaka mmoja mmoja, kwa maana vipuri na fundi ni kazi ya mtu anayeumia mashine isiposaga. Duka liwe la ushirika wa wanafunzi na waalimu, kwa hisa ndogo, na hesabu zake zibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi. Mkataba wa mashine nao ubandikwe ubao huo huo, kwa Kiswahili. Vijana wa mchepuo wa uchumi wazikague hesabu zote mbili na kutuletea taarifa katika mkutano wa mwakani, hata kama taarifa hiyo itatuudhi.

Hoja hiyo naiweka mezani. Wenye maswali wanikute nje chini ya mwembe kabla ya kura.