Wake Wawili, Shamba Moja: Sheria Inasemaje?
(Maneno aliyoambiwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Sigalagala)

 

Mliniomba niongee juu ya ndoa na sheria. Najua swali lenyewe si la harusi. Swali ni shamba. Mzee akishazikwa, hata kabla mahema hayajarudishwa, watu wanaanza kuulizana nani ni mke na nani si mke.

Tuanze na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Inatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya Kikristo, ya serikali na ya Kihindu ni za mke mmoja tu. Ya kimila na ya Kiislamu zinaweza kuwa za wake wengi. Basi yule anayesema ati serikali ilikataza wake wawili, si kweli. Wakati wa kuipitisha bungeni, wabunge wanaume waliondoa kile kipengele cha kumtaka mume amjulishe mke wa kwanza kabla ya kuoa mwingine. Wabunge akina mama walitoka nje kwa hasira. Mimi naona walikuwa na haki. Mwanamke aliyelima shamba hilo miaka ishirini hapaswi kusikia habari za mwenzake sokoni Khayega.

Kanisa letu msimamo wake mnaujua, mke mmoja, na mimi sikuja kuubadilisha. Lakini mama wa pili akija ofisini na watoto wanne, siwezi kumwambia hayupo. Yupo, na watoto wanataka unga.

Sasa hapa ndipo wengi wanajikwaa. Wazee wengi huku walioana kimila, halafu uzeeni wanafunga ndoa kanisani, watu wanakula, wanapiga picha. Wanadhani ni sherehe tu. Hapana! Ndoa hiyo ni ya mke mmoja. Mume akienda baadaye kupeleka ng'ombe kwingine, ndoa hiyo ya pili si halali kwa Sheria ya Ndoa. Hata hivyo, kwa upande wa urithi, Sheria ya Urithi ina kifungu cha 3(5), na mahakama zimekitumia kumhesabu mama kama huyo kuwa mke, akithibitisha kwamba alioewa kweli kwa mila. Kuthibitisha ndiyo kazi. Mashahidi wa mahari wamekufa, hakuna karatasi, na shemeji wamesahau kila kitu.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo vita. Mzee amekufa bila wasia, ameacha eka 3. Mama mkubwa ana watoto 5, mama mdogo ana 2. Watu husema, gawa katikati, nyumba mbili. Kifungu cha 40 hakisemi hivyo. Unahesabu watoto wa kila nyumba, kisha unaongeza mama wa nyumba hiyo kama fungu moja. Watoto 7 na wake 2, jumla mafungu 9. Nyumba kubwa inapata 6, ndogo 3. Yaani eka 2 na eka 1. Na mabinti wanahesabiwa! Aliyeolewa Vihiga na aliye nyumbani, wote. Naona wazee wengine wanatikisa kichwa, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Kijana mmoja ameniuliza kama serikali sasa imeruhusu mwanamume kuoa mwanamume. La. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyingine. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Februari 2023 ulihusu haki ya watu hao kuandikisha chama chao, si ndoa. Afrika Kusini ndiyo iliruhusu ndoa hizo, mwaka 2006. Na msichanganye na mila ya Wanandi, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke ili boma lipate mrithi. Hiyo ni ya kutafuta mrithi, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya urithi. Tena, asiwepo wa kumpiga jirani kwa sababu ya tetesi. Hilo ni kosa la jinai.

Basi fanyeni hivi. Ndoa ya kimila inaandikishwa tangu Agosti 2017. Mnatoa taarifa kwa msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe, na wote wawili mnafika wenyewe kuchukua cheti ndani ya miezi sita. Waliooana zamani waulize kwa msajili. Mahari hata ikiwa sehemu ndogo tu imelipwa, inatosha. Katibu wa kikundi aandike siku ile ile nani alikuwepo na nini kilitolewa, watu waweke sahihi au kidole. Na chifu anapoandika barua ya warithi, akina mama wa nyumba zote mbili waende pamoja, waisome kabla haijapelekwa kortini Kakamega. Jina likikosekana pale, kulirudisha kunagharimu kuliko ng'ombe.