Watoto wetu wanamjua Kalala Ilunga. Tuwaulize mama yake ni nani

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wazazi, Kamina, siku ya posho



Nimeambiwa niseme dakika kumi. Nitajaribu. Wengi wenu munanijua: mimi ni yule dada anayeuzisha mayunite karibu na kituo cha treni. Nina lisansi ya historia, na huu ni mwaka wa pili naketi nayo nyumbani. Barua za kuomba kazi nimeandika mpaka nimechoka kununua karatasi. Sisemi hivi ili munihurumie. Nasema juu mtu anaweza kuuliza: asiye na kazi atawafundisha watoto nini? Jibu langu ni fupi. Kazi sikuwa nayo, lakini muda ulikuwapo, na historia niliyosoma ilikuwa inaozea kichwani.

Basi kila siku ya posho mchana, ninaketi na watoto wa kartie yetu chini ya mwembe. Siku nyingine wanakuja kumi, siku nyingine thelathini. Ile siku ya kwanza niliwauliza: nitajieni watu wakubwa wa historia yetu. Mikono ilipanda haraka. Lumumba! Kalala Ilunga! Mbidi Kiluwe! Mmoja akapiga kelele: Trésor Mputu! Tukacheka. Nikasema: vizuri, na wanawake je? Kimya. Nikangoja. Mwishoni mtoto mmoja wa kiume akasema polepole: «Bikira Maria.»

Watoto wote walicheka, na mimi nilicheka. Lakini usiku sikulala vizuri. Nilijiuliza: kama wangeniuliza mimi katika umri wao, ningejibu nini? Ningejibu vilevile.

Tuanzie hapahapa kwetu. Hapa ni nchi ya Waluba. Kila mtoto wa Kamina, wa Kabongo, wa Malemba-Nkulu, amesikia babu akisimulia namna Mbidi Kiluwe, mwindaji, alivyokuja kutoka mashariki, na namna mtoto wake Kalala Ilunga alivyomshinda Nkongolo Mwamba na kusimamisha ufalme. Sasa, mama wa Kalala Ilunga ni nani? Ni Bulanda, dada yake Nkongolo. Mbidi alirudi kwao. Mtoto alizaliwa na kukua upande wa mama. Bila Bulanda hakuna ufalme wa kusimulia. Lakini katika hadithi tunamtaja mara moja tu, halafu tunapita mbio kwenda kwa wanaume na mishale yao.

Na wazee wetu wa zamani hawakuwa hivyo. Angalieni viti vya wafalme wa Kiluba. Leo vingi viko mbali, Tervuren kule Ubelgiji, London, ndani ya makabati ya vioo, na wazungu wanaingia kuviangalia. Katika viti vile, nani amechongwa chini, amebeba kiti kwa kichwa na mikono? Mwanamke. Na mfalme alipokufa, roho yake iliingia ndani ya mwanamke aliyeitwa mwadi. Yeye aliishi katika makao ya marehemu, na watu walimheshimu sawa mfalme mwenyewe. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuwataja wanawake ni mambo ya mashirika ya kizungu, ni mambo ya tarehe 8 Machi na kitenge kipya. Mambo haya ni yetu. Sisi njo tuliyasahau.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe, juu lilinifundisha kuliko chuo.

Posho iliyofuata nilikuja nimejitayarisha. Niliwasimulia Sophie Kanza. Alizaliwa 1940, wakati wa Wabelgiji, ambapo msichana Mkongomani alifundishwa kushona, kupika na kusali, basi. Sophie alimaliza sekondari 1961, msichana wa kwanza wa nchi hii. Mwaka 1964 alimaliza chuo kikuu cha Lovanium, tena wa kwanza. Mwaka 1966 akawa waziri, mwanamke wa kwanza. Nikaongeza kwamba kutoka yeye kuwa waziri mpaka Judith Suminwa Tuluka kuitwa kuwa Waziri Mkuu, mwaka 2024, imepita miaka 58. Nilisema kwa sauti ya juu, nikafunga hivi: munaona? Na ninyi munaweza!

Nilingoja makofi. Msichana mmoja wa darasa la sita, anayekuja kila mara na mdogo wake mgongoni, akainua mkono. Akasema: «Yaya, nani alikuwa anamulipia masomo?»

Wandugu, sikuwa na jibu lililo tayari. Ilibidi niseme ukweli: baba yake alikuwa Daniel Kanza, mwanasiasa mkubwa wa Abako kule Léopoldville, na familia ile ilisoma. Yule msichana akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akasema: «Aah. Sawa.» Akamweka mdogo wake vizuri mgongoni, akanyamaza.

Ile «sawa» iliniuma. Msichana yule anajua hesabu yake. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini akimaliza darasa la sita mzazi analazimika kutoa franga tena. Na ku nyumba yao, nimesikia kwa majirani, wajomba wameanza kusema kwamba masomo yanamtosha, kwamba kuna mtu ana shughuli zake na anamngoja. Mimi nilimletea mwanamke aliyefika juu, na nikaficha ngazi aliyopandia. Mtoto akaitafuta ngazi, akaona kwao haiko.

Wiki ile nzima nilirudi katika makaratasi yangu ya chuo. Nikamkumbuka Bwanikwa.

Nani hapa anamjua Bwanikwa? Inueni mkono. Mumeona? Hata mmoja. Na alikuwa Mluba, binti wa nchi hii. Aliishi karne ya 19, wakati watu walikuwa wanauzwa sawa chumvi. Baba yake alifiwa na mke mkubwa, na ukoo wa marehemu ukadai malipo ya kifo, yaani watumwa. Baba hakuwa na wa kutosha. Akamtoa binti yake, ili ahesabiwe pamoja na watumwa. Kutoka hapo akauzwa, akahamishwa, akauzwa tena, mkono kwa mkono, mpaka katika nchi ya Garenganze ya mfalme Msiri, na mbele zaidi mpaka upande wa Luapula. Mara kumi alikuwa mtumwa. Mwisho alikuwa na mume, lakini kwa desturi ya wakati ule mume yule alikuwa pia bwana wake. Bwanikwa akafanya kazi, akakusanya mali, akamlipa mume wake bei ya mwili wake mwenyewe. Akajinunua. Mmisionari mmoja, Dugald Campbell, aliandika maisha yake katika kitabu kilichochapishwa 1916. Ndiyo maana leo ninaweza kulitaja jina lake mbele yenu.

Niliwasimulia watoto bila kupaka sukari. Walikaa kimya sana. Mtoto wa kiume mmoja akauliza: «Baba yake mwenyewe njo alimutoa? Juu ya deni?» Nikasema ndiyo. Akauliza tena: «Na hakuna mutu aliyekatala?» Nikasema: katika hadithi hii hakuna aliyekataa, na ndiyo sababu ninakusimulia wewe mwanaume. Yule msichana wa darasa la sita hakuuliza kitu. Lakini watoto walipoondoka alibaki nyuma, akaniomba nimwandikie lile jina ku daftari. Nikaliandika. Akalisoma mara mbili, akaenda.

Mukiniuliza leo nimejifunza nini chini ya ule mwembe, nitasema hivi.

Tusiwape watoto orodha ya «wanawake wa kwanza» peke yake. Waziri wa kwanza, rubani wa kwanza, daktari wa kwanza: ni vizuri, lakini mtoto wa Kamina anataka kujua mtu yule alikula nini, nani alimsaidia, nani alimzuia, alilipa bei gani. Tumwambie yote. Mtoto hadanganyiki. Ukimwambia tu kwamba akitaka ataweza, ataangalia nyumba yao na kuona kwamba unamdanganya. Ukimsimulia mtu aliyeanza chini kuliko yeye, na kazi aliyoifanya, anakuwa na kitu cha kushika.

Tena tuwataje wanawake kwa kile walichofanya. Pauline Opango tunamwita «mke wa Lumumba», tunamaliza. Lumumba aliuawa hapa Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata Pauline alitembea katika barabara za Léopoldville, kifua wazi kwa maombolezo, akidai mwili wa mume wake. Askari walikuwa kila mahali, na waliomuua mume wake walikuwa na nguvu. Alidai, hakupewa. Alikufa Desemba 2014. Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba Juni 2022. Mama yule hakuliona. Mtoto akisikia hivyo anaelewa kwamba kudai haki si kelele za vijana wa barabarani. Kuna mama alitembea kabla yetu.

Na ninyi wenzangu wa miaka yetu, tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya watoto tu. Kimpa Vita, kule Kongo ya zamani, aliwaita watu waliochoshwa na vita vya wafalme warudi Mbanza Kongo, waujenge upya mji uliobaki tupu, na ufalme uwe mmoja. Walimchoma moto mwaka 1706. Alikuwa na miaka kama 22. Hakuwa na kazi ya serikali, hakungoja kupata.

Jambo lingine: wavulana wasitumwe kucheza mpira wakati wasichana wanasimuliwa. Aliyemtoa Bwanikwa alikuwa mwanaume. Aliyemwacha Sophie Kanza asome alikuwa mwanaume pia. Watoto wa kiume munaowaona hapa mbele watakuwa baba na wajomba. Siku ile ukoo utakapoketi kuamua msichana aache masomo, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto haolewi kabla ya miaka 18. Lakini sheria haiketi ndani ya nyumba. Mjomba njo anaketi. Tunataka akumbuke hadithi aliyoisikia chini ya mwembe.

Kwa hiyo ninawaomba vitu vitatu, na havidai bajeti wala kibali cha mtu.

Kwanza, kila mmoja wetu mwenye diploma asiye na kazi achukue kartie yake, siku moja kwa wiki, saa moja. Mti uko. Watoto wako. Usingoje shirika likuletee viti.

Pili, tuende kwa bibi zetu kabla hawajaondoka. Tuwaulize majina: nani alikuwa mganga mkubwa, nani alisimama mbele ya chefu, nani alilea yatima wakati wa vita, nani alifungua soko. Tuyaandike ku daftari, na mahali, na mwaka kama unajulikana. Bwanikwa alipata mtu wa kumwandika, mzungu aliyepita. Wa kwetu wengine wanangoja sisi.

Tatu, walimu wetu ambao munafundisha hata mshahara ukichelewa, tunawaheshimu. Tunaomba dakika kumi tu ndani ya wiki: jina moja la mwanamke ubaoni, na maisha yake. Isiwe Machi peke yake.

Nitamaliza na yule msichana. Mitihani ya mwisho wa darasa la sita inakaribia. Mama yake na mimi tumeongea mara mbili. Mara ya kwanza alinijibu vibaya. Mara ya pili alinipa kiti. Wajomba bado hawajabadilisha neno lao, na sitawadanganya kwamba hadithi moja inalipa masomo ya sekondari. Hailipi. Lakini posho iliyopita nilichelewa, nilikuwa na wateja. Nilipofika nilikuta watoto wamekwisha kuketi, na yeye amesimama mbele, mdogo wake mgongoni, anawasimulia wadogo: «Kulikuwa na mutoto mumoja, jina yake Bwanikwa, wa kwetu huku...»

Sikumkatiza. Nilitafuta nafasi ku jiwe, nikaketi na wengine kusikiliza.

Wazazi wake wako hapa leo. Majirani wako hapa. Wenye kazi wako hapa. Mumesikia. Sasa ni zamu yetu.