Nana Asma'u na Elimu ya Wanawake wa Vijijini katika Dola ya Sokoto



Mipango mingi ya kisomo cha wanawake vijijini huanza kwa kuhesabu madarasa na walimu watakaopelekwa kutoka mjini. Mada hii inamhusu mwanamke aliyepitia njia nyingine, takriban mwaka 1830, katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Nigeria.

Nana Asma'u alizaliwa Degel mwaka 1793. Baba yake ni Shehu Usman dan Fodio, mwasisi wa Dola ya Sokoto. Muhammad Bello, ndugu yake kwa baba, ndiye aliyerithi uongozi, na mumewe Asma'u, Gidado dan Laima, alikuwa waziri wa Bello. Katika nyumba ile binti kusoma hakukuwa hisani, kwani Shehu aliwakemea waziwazi wanazuoni waliofundisha wanafunzi usiku na mchana huku wake na mabinti zao wakibaki gizani. Asma'u alitunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, na kazi zake zilizosalia zinazidi hamsini.

Angeweza kuishia hapo, mwanachuoni wa ikulu anayesomwa na wanachuoni wenzake. Lakini vita vya jihadi vya Shehu vilivyoanza mwaka 1804 vilikuwa vimevuruga vijiji vya Wahausa, na wanawake wengi wa huko hawakuwa na pa kujifunzia hata misingi ya dini iliyotawala maisha yao mapya. Ndipo akaunda mtandao ulioitwa Yan Taru.

Mke kijana mwenye watoto wadogo hakuruhusiwa na desturi kusafiri. Asma'u hakungoja desturi ibadilike. Waliofunga safari kwenda kwake ni wanawake watu wazima waliokwisha maliza uzazi, pamoja na wasichana ambao hawajaolewa. Kila kundi liliongozwa na mwanamke wa kijiji chao, aliyeitwa jaji, jina la Kihausa la kiongozi wa msafara. Walifika na nafaka, asali, siagi au nguo, na sehemu ya vitu hivyo iligawiwa wenye shida. Walijifunza shairi kwa moyo, wakafafanuliwa maana yake, kisha wakarudi kuwafundisha waliobaki nyumbani. Shairi lake moja limepanga majina ya sura za Qur'ani. Jaji aliyelihifadhi alikuwa na mtaala mzima kichwani, bila karatasi.

Naomba tutulie kidogo kwenye kofia. Asma'u alimvika kila jaji malfa, kofia pana ya ukili, na kitambaa chekundu cha kuizungushia. Awali malfa ilikuwa alama ya Inna wa nchi ya Gobir, kiongozi wa wanawake katika ibada ya pepo wa bori. Kwa hiyo alichukua heshima ambayo wanakijiji waliitambua tangu zamani, akaipa kazi mpya. Mwanamke wa shamba alipita njiani na kila aliyemwona alijua ametumwa na nani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo cheo cha Asma'u kilipofanya kazi kubwa kuliko kote: alikigawa. Mwaka 1858 alimwombolezea Hauwa, mmoja wa viongozi hao, kwa shairi, kama alivyomwombolezea Bello mwenyewe.

Mwaka huohuo, huku kwetu, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha. Pwani yetu nayo ilijua kufundisha kwa ushairi. Tulichokosa ni majaji wa kuufikisha bara.

Hatutatenda haki tukificha upande wa pili. Nafasi ya Asma'u kusoma na kutunga ilitegemea pia kazi za watumwa, na mafunzo yake yalisaidia utawala mpya kukubalika katika vijiji vilivyoshindwa vitani. Bado waliofundishwa walipata elimu iliyokuwa yao, na alipofariki mwaka 1864 dada yake Maryam aliendelea na kazi. Jina la Yan Taru lingali likitumika Nigeria, na hata Marekani.

Napendekeza kikao cha mchana kijadili mambo mawili. Kwanza, mwalimu wa kisomo achaguliwe na wanawake wa kijiji chake, akabidhiwe kazi hadharani mbele ya serikali ya kijiji, na alipwe. Pili, masomo yamfuate mama mwenye mtoto mgongoni hadi uani kwake, saa anayoipanga yeye.